Mkono Niliouchapa

Matarawe, Songea

Skola mwanangu,

Umekwenda Bombambili kumuaga shangazi yako, na ninavyomjua yule hatakuachia utoke mpaka ule kwake, hata ukimwambia umeshiba. Kwa hiyo nina muda. Baba yako yuko uani anafunga lile godoro lako kwa kamba, analifungua, analifunga upya. Mambo ya chandarua, ya maji ya kuchemsha, ya kutopanda bodaboda gizani, amekwisha kukwambia yeye, na usipokuwa mwangalifu atakwambia tena kesho alfajiri pale stendi mbele za watu. Mimi huko sina la kuongeza.

Nina jambo moja tu, nalo linanichoma tangu juzi. Ulipokuwa unaongea kwa simu na mwalimu mkuu wa huko Nalasi ulikopangiwa kufundisha, mimi nilikuwa jikoni nachambua maharage. Sikutega sikio, simu uliiweka sauti ya juu. Akakuuliza, "Madam, muziki unaweza? Darasa la nne hawana mtu. Nataka wajue nota, siyo kuimba tu." Ukacheka, ukamjibu, "Hapo mwalimu mkuu utanionea. Mimi muziki sina kabisa. Tangu nikiwa darasa la nne nilikuwa naziona nota kichwa chini." Akasema basi, mtaongea ukifika. Ukakata simu ukaja jikoni, ukakaa kwenye kigoda, ukanisaidia kutoa mawe kwenye maharage huku unanisimulia habari za nyumba ya walimu ya huko kwamba haina dari. Nikakutazama usoni nikaona hujui.

Hukuziona kichwa chini, Skola. Mimi ndiye niliyezifundisha kichwa chini. Wewe uliziona sawasawa, ukaniambia mbele ya darasa, nami nikakuchapa. Baadaye nilijua kwamba wewe ndiye uliyekuwa sahihi, na sikukwambia mpaka leo.

Nimeliandika mapema kwa sababu najijua. Ningeanza kwa kuzunguka ningezunguka mpaka karatasi ikaisha. Baba yako nimemwambia leo mchana. Alinisikiliza, akauliza kitu kimoja tu: "Na mtoto anajua?" Nikasema hajui. Akachukua kamba akaenda uani, na hajaingia ndani tangu hapo.

Sasa ngoja nikueleze ilivyokuwa, maana wewe ulikuwa mdogo na nadhani unakumbuka upande wa fimbo tu.

Mwaka ule mwalimu mkuu wetu aliketi ofisini akagawa masomo kama mtu anayegawa nyama ya sherehe, aliyechelewa akapata mifupa. Mimi nilichelewa. Muziki ulikuwa mfupa ambao kila mtu alikuwa akiurusha kwa mwenzake. Wengi walifundisha wimbo mmoja wa kuchezea mwanzoni mwa mwaka na sura ya nota wakairuka kama dimbwi. Mkuu akanitazama akasema, "Wewe si unaimba kwaya? Huu ni wako." Wenzangu wakacheka kwa raha ya watu waliookoka. Pale ningeweza kusema sijui. Lakini nilikuwa nimejisifu sana kuhusu hiyo kwaya, kila Jumatatu chai ya saa nne, na nikaona haya.

Wewe unajua tunavyoimba pale kanisani. Karatasi ina mistari mitano, nukta zimepangwa juu ya mistari na katikati yake, na chini kabisa mwalimu wa kwaya amekwisha kuandika do, re, mi kwa herufi. Sisi sote macho yako kwenye herufi. Zile nukta, na ule mkia mkubwa uliojisokota mwanzoni mwa mistari ambao ndio ufunguo wa G, mimi nilivichukulia kama maua ya pembeni mwa kitenge. Nilikuwa nimeimba sauti ya pili miaka mingi bila kuviangalia, na hakuna aliyewahi kuniuliza.

Nikafungua kitabu cha stadi za kazi, muziki ukiwa sura mojawapo. Kikasema mstari wa kwanza unaitwa E, wa pili G, halafu B, D na F. Nikaanza kuhesabu juu kwenda chini. Kila kitu nilichokuwa nimefundisha maishani mwangu kilianzia juu: tarehe, kichwa cha somo, jina la mwanafunzi, hesabu za kujumlisha. Haikunipitia akilini kwamba kuna kitu ubaoni kinachoanzia chini. Pengine kitabu kilieleza na mimi nikasoma juu juu. Sitakisingizia kitabu.

Tena nikajiona mjanja. Nikawaambia watoto wainue mkono wa kushoto mbele ya uso, kiganja kikiwatazama, vidole vilale, kidole gumba kikae juu. Vidole vitano ndiyo mistari mitano, na uwazi kati ya vidole ndiyo nafasi nne. Hiyo ni njia nzuri mpaka leo, na naitumia. Halafu nikawatungia sentensi ya kukumbukia herufi za mistari: Esta, gawia babu dagaa freshi. Mkacheka mpaka darasa la jirani likagonga ukuta. Esta nikamweka kwenye kidole gumba, dagaa wakashuka, freshi wakaishia kwenye kidole cha mwisho. Wanasema mficha uchi hazai. Mimi ujinga wangu niliuficha na ukazaa darasa zima. Mpaka leo mjini hapa wapo watu wazima, wanatengeneza simu, wanauza nguo mnadani, ambao ukiwaamsha usingizini watakwambia Esta anakaa kwenye kidole gumba.

Na kuna jambo la pili ambalo lazima niliseme ndipo uelewe fimbo ile ilitoka wapi. Siku ya kwanza nilipokupeleka shule yetu nilikusimamisha pale kwenye kona ya choo cha walimu nikakwambia, "Ukivuka geti hili mimi siyo mama yako. Mimi ni Mwalimu." Ulikuwa na miaka saba. Ukasema, "Ndiyo, Mwalimu," na mimi nikafurahi kwamba mtoto ana akili. Watoto wote wa walimu walilelewa hivyo, nawe unajua. Mtoto wa mwalimu akikosea achapwe zaidi ya wenzake ili wasiseme anapendelewa. Akipata ajibu wa mwisho ili wasiseme kafundishwa nyumbani. Tulikuwa tunaulizana ofisini nani anamkaza wake zaidi, kama vile ni sifa. Nami nilitaka sifa hiyo.

Basi siku ile nilinakili ubaoni zoezi fupi la kitabuni. Nukta zilianzia chini kushoto zikapanda taratibu kwenda kulia, na chini yake kitabu kimeandika do, re, mi, fa, sol. Nikawaimbisha. Sauti zikapanda. Kisha nikauliza, nani atanionyesha mstari wa kwanza. Wote wakashika gumba. Wewe ulishika kidole cha mwisho.

Nikakwambia, "Skolastika, rekebisha." Ukasimama. Hukuwa na kiburi, na hili nakumbuka vizuri kuliko yote, ulikuwa na furaha ya mtoto aliyeokota kitu njiani na anataka kumpa mwenyewe. Ukainua mkono wako ule wa kushoto darasa zima lione, ukasema, "Mwalimu, sauti ikipanda na nukta zinapanda. Kwa hiyo Esta hawezi kukaa juu. Ukianzia huku chini, inakubali." Ukaimba kidogo, ukapanda vidole kimoja kimoja mpaka gumba. Mtoto mmoja nyuma akasema, "Eti kweli." Mwingine akacheka. Nikahisi joto shingoni.

Nilijua wakati huo huo, Skola? Nimejiuliza mara nyingi. Sikujua kwa kichwa, lakini nadhani mwili ulijua, ndiyo maana ukawaka. Mtu mwenye uhakika huwa hakimbilii fimbo. Nikasema, "Leta huo mkono." Ukauleta ukiwa bado umeutandaza vile vile kama kwa nota, na nikauchapa. Nikakwambia kwamba kama huoni mistari nenda kakae nyuma, na kwamba muziki una wenyewe. Ukasema, "Samahani, Mwalimu." Jioni nyumbani uliosha vyombo kwa mkono mmoja, nami nikapita nyuma yako nikaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi.

Jumamosi yake tulikuwa na mazoezi ya kwaya. Kwa mara ya kwanza nikaacha herufi nikaangalia nukta. Soprano walipopanda, nukta zao zikapanda. Besi waliposhuka, zikashuka. Nilitafuta mahali ambapo ingekuwa kinyume ili nipone, sikupapata. Baada ya mazoezi nikamuuliza mwalimu wa kwaya, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya kitu asichotaka kununua, kama mistari huhesabiwa kuanzia juu au chini. Akacheka. "Chini, Mwalimu. Wewe umewahi kuona mtu anapanda ngazi kuanzia juu?" Nikacheka naye. Nikarudi nyumbani nikakukuta umelala kwenye mkeka, mkono uko pembeni.

Jumatatu niliingia darasani na chaki nikiwa nimeamua. Naapa nilikuwa nimeamua. Nilichora mistari mitano, nikageuka, nikawaona. Wewe ulikuwa nyuma kabisa, kichwa kwenye dawati. Ilikuwa sentensi fupi tu: mwalimu amekosea, Skolastika amepata. Nikaona nyuso zile zote zinangoja, nikamwona yule aliyecheka, nikaona habari ikifika ofisini kabla ya chai. Nikafuta mistari. Nikasema, "Muziki tumemaliza. Fungueni sura ya ufinyanzi."

Mwaka uliofuata darasa jipya nililifundisha kuanzia chini, kimya kimya, kama vile ndivyo nilivyofanya siku zote. Ninyi mkaenda darasa la tano na nota zenu zikiwa zimepinduka.

Hata hivyo wenzako waliobaki na Esta kwenye gumba sijui kama waliumia. Wengi walisahau. Wewe ndiye uliyeumia, kwa sababu wewe ulikuwa umesikia. Uliniamini mimi ukayakana masikio yako. Uliacha kwaya ya watoto. Mahafali ya la saba waliposema Skola aanzishe wimbo ulisema koo linauma, na haikuwa kweli. Baba yako aliniuliza mbona huyu mtoto siku hizi haimbi hata akifua. Nikamjibu, "Mwache, kila mtu na kipaji chake." Ukiwa umekaa pale pale. Nadhani neno hilo lilikuwa baya kuliko fimbo, kwa kuwa fimbo nilikupiga nikiwa nimepandisha hasira, na neno hili nililisema nikiwa nimetulia, nakunywa chai, najua ukweli wote.

Chuoni ulikimbilia upande wa ufumaji na michezo. Ulirudi likizo na vitambaa, mimi nikavisifia, nikavitandika kwenye makochi. Kila nilipovisifia nilijua nasifia nini.

Usidhani sikujaribu. Mara moja tukiwa tunalima kule Madaba kwa bibi yako, jua kali, watu wote wamechoka, ulianza kuimba pole pole bila kujijua, sauti ikaenda ilikotaka kwenda bila kuyumba. Niliacha jembe. Nikasema, "Skola, unajua..." Ukanyamaza papo hapo ukasema, "Samahani mama, nimewapigia kelele." Nami nikasema, "Hapana, endelea kulima." Hayo ndiyo maneno niliyoyapata.

Sasa unakwenda Nalasi, na mwalimu mkuu anangoja jibu lako. Sikuandikii ili ukubali muziki. Ukitaka kufundisha hesabu na mpira wa pete mpaka unastaafu, fundisha. Ila usikatae kwa sababu ya uongo wangu. Ukikataa, ukatae ukijua kwamba sikio unalo, na kwamba ukiwa na miaka kumi, bila kufundishwa na mtu, uliona kitu ambacho mwalimu wako hakukiona.

Na kama utakubali, nitakwambia ninavyofundisha mimi siku hizi, uchukue kinachokufaa. Siku ya kwanza siandiki kitu ubaoni. Nawatoa nje. Nawaambia wachuchumae, waimbe sauti ya chini kabisa waliyonayo, halafu wainuke taratibu na sauti iinuke nao mpaka wasimame kwa vidole vya miguu. Wanaanguka, wanacheka, waache waanguke. Hapo wameshajua jambo ambalo mimi nilichelewa kulijua. Siku nyingine natandaza kamba tano chini, za katani, zile za kufungia magunia, na mtoto anasimama kwenye kamba wenzake waimbe mahali aliposimama. Ubao unakuja baadaye. Nawachorea ule mkia, nawaonyesha kwamba umejisokota kuzunguka mstari wa pili kutoka chini, na mstari huo ndio G, ndiyo maana ya jina lake. Ukishajua mlango mmoja wa mtaa, nyumba nyingine utazipata kwa kuhesabu. Wengine watachukua wiki wakichanganya mistari na nafasi. Usiwakimbize. Mwache mtoto aelekeze kidole hewani na akosee kwa sauti, ndipo utajua amekosea wapi.

Huko utakuta watoto wengi wametoka madrasa asubuhi kabla hawajaja kwako. Wamezoea kusikiliza sauti na kuirudisha kama ilivyo, sikio lao limenolewa kabla ya lako. Utakuta na wa Kiyao ambao Kiswahili cha darasani kinawasumbua kidogo lakini ukipiga makofi hawakosei pigo. Waanzie hapo walipo.

Na yupo mmoja atakayekusahihisha. Kila darasa anaye. Atainua mkono siku ambayo umechoka, mshahara umechelewa, na mkuu amesimama mlangoni. Siwezi kukwambia hutaona joto shingoni, utaliona, wewe ni mwanangu. Mimi siku hizi nikiliona naweka chaki mezani, mikono yangu miwili iwe haina kitu, halafu namwambia yule mtoto aje mbele anionyeshe. Mara nyingi huwa amekosea yeye, tunacheka, anarudi kukaa. Mara chache huwa nimekosea mimi. Nimekwisha kusema "mwalimu amekosea" mbele ya watoto wa watu wengi, Skola. Hakuna aliyewahi kunidharau. Nimeshindwa kulisema kwa mtoto mmoja tu, na ndiye ninayeishi naye.

Nilipoanza kuandika nilikuwa na mpango. Nilitaka kuikunja barua hii niisukume katikati ya mashuka yako, uikute ukiwa umeshapita Namtumbo na Tunduru, mbali nami. Ungesoma, ungelia au ungekasirika, halafu kwa tabia yako ungekaa siku mbili ndipo upige simu useme "yamekwisha, mama." Ningekuwa nimetubu bila kuuona uso wako. Nimeona huko nako ni kukimbia, na nimekwisha kukimbia vya kutosha.

Kwa hiyo nitakupa mkononi, leo, nami nitakuwepo mpaka umalize. Usiharakishe kunisamehe kwa sababu kesho kuna safari. Kama una hasira, ziseme nikiwa mbele yako, hata baba yako akisikia, hata majirani. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, nami sitaondoka. Kesho nitakusindikiza vyovyote itakavyokuwa, hata kama tutatembea mpaka stendi bila neno.

Nasikia sauti yako uani, unamsalimia baba yako. Anakuuliza shangazi hajambo. Naweka kalamu chini. Unaingia, Mwalimu, na mimi nasimama.

Mama yako